Kofia Ndani ya Sanduku la Rambirambi

Wiki iliyopita mliniacha na kidole juu ya kitufe cha FUTA, na lifti ya ghorofa ya saba ikifunguka nyuma yangu. Kidole bado hakijashuka. Lifti imeshafunguka.

Aliyetoka ni bibi mfupi, nguo nyeusi toka shingoni hadi miguuni, utepe mweupe wa msiba nyweleni. Mkononi kabeba katoni ya vinywaji vya vitamini, zile chupa ndogo kumi. Alikuwa amekuja kugombana, lakini hapa kwetu Seongnam huendi kugombana na watu mikono mitupu.

"Nani kati yenu," aliuliza, akiitua katoni juu ya meza yangu, "amemwita mume wangu mcheza kamari?"

Wenzangu kumi na wawili waligeuka kunitazama kwa pamoja. Umoja kazini ni kitu kizuri sana.

"Ni mimi, Bibi," nikasema. "Maeng Sora, kitengo cha maadili."

"Mume wangu amezikwa jana."

"Pole sana, Bibi."

"Nimeshapoa. Sasa niambie, kacheza saa ngapi?"

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, nikueleze upesi. Kampuni yetu inaendesha Dalmaeul, kijiji ambacho hakipo popote ila ndani ya kompyuta. Watu laki nne wanaishi humo. Wanalima, wanaoana, wanasengenyana. Pesa yao inaitwa yopjon, na haina thamani yoyote, mpaka wajanja fulani walipoanza kuinunua kwa won, pesa halisi ya nchi, huko vichochoroni. Hapo kila ua wa Dalmaeul ukawa na meza ya kamari. Serikali ikakunja uso. Kampuni ikaogopa. Kuanzia Jumatatu ya wiki hii, kamari ikapigwa marufuku.

Aliyeiandika marufuku hiyo ni mimi.

Nilikuwa na miezi miwili kazini na digrii ya falsafa ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Nilikusudia kuwaokoa akina baba wote waliouza magari yao kwa ajili ya yopjon. Nikaandika kanuni yenye masharti matatu: ni kamari pale watu wanapoweka yopjon, bahati ikaamua, na mtu akatoka na zaidi ya alichoingia nacho. Yakitimia yote matatu, nyumba yenye meza hiyo inafutwa. Niliiona nzuri kiasi kwamba nilimtumia mama nakala. Mama ni shemasi wa kanisa. Aliitia fremu, akaitundika sebuleni kando ya picha ya babu.

Kufikia leo Alhamisi, mfumo ulikuwa umenasa pango moja kubwa la wacheza kamari: nyumba ya Mzee Ban Deok-su. Watu mia mbili na kumi na mmoja, siku tatu mfululizo, karata usiku na mchana. Nilifurahi hadi nikajinunulia keki.

Tatizo ni kwamba Mzee Ban alifariki Jumapili.

"Yale yalikuwa matanga," alisema Bibi Ok Bun-nam, maana ndilo jina lake. "Marafiki zake wa humo ndani ya kompyuta hawakuweza kuja hospitali wote. Mmoja yuko Jeju, mwingine ni nahodha wa meli, mwingine hana miguu. Wakamlilia kulekule. Na msibani watu wanacheza karata za maua ili mfiwa asikae peke yake na ukimya. Hujawahi kwenda msibani, mjukuu wangu?"

"Nimekwenda, Bibi. Ya kanisani kwetu. Tunaimba, tunakula, tunarudi nyumbani."

"Na karata?"

"Mama anasema karata za maua ni mlango wa jehanamu."

Bibi Ok alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyelelewa bila chumvi.

Alivuta kiti, akakaa. Akaniambia habari ya nyumba ile, na nawaomba radhi kwa aya mbili zisizo na mbio.

Mzee Ban alikuwa fundi wa treni. Miaka miwili ya mwisho, mara tatu kwa wiki, alilala kitandani kusafishwa damu, mkono mmoja kwenye mashine na mkono mmoja kwenye kipanya. Kwa mkono huo mmoja alijenga huko Dalmaeul chumba walichopanga Busan mwaka walipooana. Mitungi ya kachumbari ya kabichi juu ya paa. Ukuta wenye doa la maji lenye umbo la sungura. Hata mlango wa jikoni unaogoma, ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke.

"Chumba chenyewe walikibomoa zamani," alisema Bibi. "Sasa ni maegesho ya magari. Mimi sijui kucheza hiyo michezo yenu. Mwenye duka la intaneti pale mtaani kwangu ananifungulia kompyuta, mimi naingia, nakaa. Na marafiki zake wametoa rambirambi ya kutosha kodi ya kiwanja kule kwa miaka tisa. Miaka tisa inanitosha. Nina sabini na nane."

Kidole changu kilishuka kutoka kwenye kitufe. Kilishukia mapajani, kikatulia huko kama kilichokemewa.

"Mbona bado haijafutwa?"

Sauti hiyo ilikuwa ya bosi wangu, Tak Gyu-sik. Bosi Tak ana tai moja ya siku za kawaida na moja ya siku za televisheni. Leo alivaa ya televisheni.

"Bosi, yalikuwa matanga," nikasema.

"Nimesikia. Pole, mama." Aliinamisha kichwa kwa Bibi Ok, akanirudia. "Maeng, saa sita kamili mkurugenzi anapanda hapa na kamera. Nchi nzima inataka kuona nyumba ya kamari ikianguka. Tuna nyumba ngapi za kamari?"

"Moja."

"Basi ndiyo hiyo. Kanuni ni yako. Au haikumaanisha ilichosema?"

Ndugu msomaji, hakuna kitu kibaya kama kupigwa na fimbo uliyoichonga mwenyewe na kuipaka rangi. Ilikuwa saa tano na dakika tano. Nikasimama, nikaisoma kanuni yangu kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya daktari akitafuta neno jema.

Na nikaliona.

"Sharti la tatu," nikasema. "Lazima mtu atoke na zaidi ya alichoingia nacho. Bibi, msibani mtu akishinda, pesa anapeleka wapi?"

"Kwenye sanduku la rambirambi, bila shaka. Pale getini. Ushinde msibani uende nazo nyumbani? Kwani wewe ni fisi?"

"Bosi, umesikia? Kama wote walitia sandukuni, hakuna aliyetoka na zaidi. Si kamari."

Bosi Tak alikuna shingo chini ya tai ya televisheni. Siyo mtu mbaya. Ana watoto watatu na mkopo wa nyumba. "Nionyeshe watu mia mbili na kumi na mmoja wasiotoka na senti ya ziada," akasema. "Mia mbili na kumi na mmoja, siyo mia mbili na kumi. Nikiwaona, nitamwambia mkurugenzi mwenyewe."

Nilifungua kumbukumbu za mfumo. Ofisi nzima ikajaa nyuma ya kiti changu, kila aliyewahi akiwa na chupa ya Bibi Ok mkononi. Majina yakaanza kushuka. Alishinda themanini, akatia sandukuni themanini. Alishinda kumi na mbili, akatia mia mbili. Yule nahodha wa meli alishinda mara moja tu siku tatu nzima, akatia sandukuni mpaka ndoano yake ya kuvulia. Kila jina lilipokuja na ziada ya sifuri, Bibi Ok aligonga meza kwa kifundo cha kidole.

Mia moja. Mia mbili. Mia mbili na kumi.

Jina la mwisho lilishuka polepole, au mimi ndiye niliyeliona likishuka polepole.

HakiTupu. Alishinda yopjon mia tatu na arobaini. Alitia sandukuni: sifuri.

"Mmoja," alisema Bosi Tak, na sauti yake haikuwa na furaha.

Bibi Ok alivaa miwani ya marehemu mumewe, akaisogelea skrini. "Huyu mtoto ni wa nani? Kala wali wa msiba, kacheza, kashinda, kaweka mfukoni? Hana mama wa kumfundisha?"

Mama anaye, Bibi. Ni shemasi.

Naam, wasomaji wangu. Mlishaanza kunihurumia, acheni. HakiTupu ni mimi.

Ilikuwa Jumanne, saa ya chakula cha mchana. Wafanyakazi haturuhusiwi kucheza Dalmaeul. Ukikamatwa, kazi huna. Lakini nilijiambia kwamba mwandishi wa sheria lazima awaone wahalifu kwa macho yake, kwa hiyo nikajifungulia akaunti, nikachagua jina la unyenyekevu mliloliona, nikaingia katika pango. Wahalifu wakanikaribisha. Mmoja akanipa supu. Mmoja akanisogezea karata, akanifundisha, na nikaona haya kukataa mbele ya watu wenye huzuni. Kisha nikashinda. Hakuna aliyeniambia habari ya sanduku, maana nani atamwambia mtu mzima kitu kama hicho? Nikanunua kofia kwa muuzaji aliyekuwa akipita uani. Kofia ya manyoya ya bata, kijani. Bei, yopjon mia tatu na arobaini.

Ndipo Bosi Tak akapita nyuma yangu na sinia lake la chakula, nami nikazima kompyuta kwa goti.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kunyamaza. Nyumba ingeanguka, na HakiTupu angebaki mwizi asiyejulikana. Ningeendelea kupata mshahara, bima, na keki. Nilifikiria njia hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilifikiria hata kujifungia chooni. Nilijifungia chooni. Nililia kwa dakika tatu, nikaosha uso, nikarudi.

"Bosi," nikasema. "Bibi. Wote." Kwa nini niliwaita wote, sijui. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa kwenye mimbari. "HakiTupu ni mimi."

Mtu mmoja alipaliwa na vitamini.

"Mcheza kamari pekee katika Dalmaeul nzima," alisema Bosi Tak taratibu, "ni mtu aliyeandika marufuku ya kamari."

"Ndiyo, Bosi."

"Na kampuni inakulipa."

"Mpaka sasa hivi, Bosi."

Nilimgeukia Bibi Ok, nikapiga magoti kabisa, maana kuinama peke yake hakukutosha. Yeye hakunitazama. Alikuwa bado anasoma skrini, kidole kikifuata mstari.

"Hapa pameandikwa nini, mbele ya jina lako? Macho ya mzee wangu yalikuwa mabovu kuliko yangu, miwani hii hainisaidii."

Nilitazama. Mbele ya majina yote mia mbili na kumi paliandikwa *katoka*. Mbele ya HakiTupu paliandikwa *yumo*.

Ukiondoka Dalmaeul bila kubonyeza TOKA, kikaragosi chako, yaani wewe wa kwenye skrini, kinabaki pale pale ulipokiacha, kimelala. Na mimi nilizima kompyuta kwa goti.

"Kwa hiyo hajatoka," alisema Bibi Ok. "Sharti lako la tatu linasema *akatoka na zaidi*. Kama hajatoka, bado ni mgeni wangu. Na mgeni wangu ana nafasi ya kujirekebisha kabla ya kuvuka geti langu. Au mnasemaje, bwana mwenye tai?"

Bosi Tak alitazama saa. Saa tano na dakika thelathini na sita. "Nyumba ikishanaswa na mfumo inafungiwa, hakuna anayeingia," akasema. "Ila aliyemo anaweza kutoka." Akafikiri. "Na sanduku liko getini."

Nikaingia kwa jina langu la aibu, mbele ya ofisi nzima. Skrini ikafunguka katika ua wa Mzee Ban. Meza zilikuwa tupu, karata zimepangwa vizuri. Na pale ukutani, chini ya doa la sungura, kilikuwa kikaragosi changu, kimelala ubavu na kofia yake ya kijani. Mtu fulani alikuwa amekifunika blanketi.

Walidhani ni mfiwa aliyechoka. Siku mbili nzima walizunguka mwizi kwa kunyata.

Sitaeleza zaidi hapo. Skrini ilikuwa na ukungu, au macho.

"Mfuko una yopjon ngapi?" aliuliza Bosi Tak.

"Kumi. Nilizoingia nazo. Zile nyingine zimo kichwani."

"Uza kofia."

"Kwa nani, Bosi? Uani niko peke yangu."

Saa tano na dakika arobaini na moja. Bibi Ok ndiye aliyeguna. "Nahodha alitia ndoano. Alikataliwa? Tia kofia."

Nikakiinua kikaragosi. Nikakunja blanketi, nikaliweka mahali pake. Nikatembea hadi getini, nikavua kofia, nikaitumbukiza sandukuni. Kichwa changu huko Dalmaeul kilikuwa na nywele za ajabu sana, nilizozichagua kwa haraka, na ofisi nzima ikaziona. Kisha nikabonyeza TOKA.

Mstari ukabadilika. *HakiTupu: katoka. Ziada: sifuri.*

Bibi Ok aligonga meza kwa kifundo cha kidole, mara ya mia mbili na kumi na moja.

Bosi Tak alikaa kwenye meza yake, akaifungua ile nyumba iliyofungiwa. Saa sita mkurugenzi alipopanda na kamera, alimwambia kwamba mfumo umechunguza nyumba nzima, watu mia mbili na kumi na mmoja, na hakuna kamari; kilichopatikana ni akaunti moja tu, ya mtu mmoja mjinga sana. Wakaifuta HakiTupu mbele ya taifa. Mkurugenzi alisema maneno mazito kuhusu usafi. Mimi nilishika taa ya mpiga picha.

"Kuhusu kazi yako, tutaongea kesho," Bosi Tak alininong'oneza. "Usilie kwenye kamera."

Kamera zilipoondoka, Bibi Ok alikaa kwenye kiti changu. Nikamfungulia Dalmaeul kwa neno la siri aliloliandika mzee wake kwenye karatasi ya dawa. Alishika kipanya kwa mikono miwili. Akaupeleka mkono mdogo wa kwenye skrini hadi mlango wa jikoni, akauinua kidogo, ukafunguka. Akatoa pumzi ninayoisikia hadi sasa.

"Haya," akasema. "Nionyeshe na kofia yenyewe, mjukuu wangu. Nicheke kidogo."

Tukaenda getini. Tukafungua sanduku.

Kofia ilikuwapo. Kijani, manyoya yamesimama.

Hapakuwa na kitu kingine. Ndoano hapana. Rambirambi ya watu mia mbili na kumi hapana. Miaka tisa ya kodi hapana. Na kodi ya kiwanja inakatwa Jumapili, na isipolipwa nyumba inajifuta yenyewe, bila kamera, bila mtu kubonyeza chochote.

"Ni hitilafu," nikasema. "Lazima ni hitilafu." Nikafungua kumbukumbu za sanduku. Haikuwa hitilafu. Saa tano na dakika hamsini na mbili, wakati sisi sote tukihangaika kupanga viti vya mkurugenzi, mtu alilifungua sanduku kwa ufunguo wa mlinzi. Akachukua kila kitu, akaacha kofia.

Walinzi wa Dalmaeul ni sisi wafanyakazi; funguo zetu hufunguliwa kwa neno la siri, na kila ufunguo una jina la mwenyewe.

Na hapa, ndugu msomaji, nikakumbuka jambo moja. Siku ya kwanza kazini niliambiwa nichague neno la siri gumu, ambalo hakuna duniani atakayeligundua. Nilichagua jina zuri. Nililipenda kiasi kwamba nililitumia tena, Jumanne, mchana, kama jina la akaunti.

Lile nililolitangaza leo kama mhubiri, mbele ya bosi wangu na wenzangu kumi na wawili.

Nilinyanyua macho. Viti kumi na viwili vilikuwa na watu kumi na mmoja.

Bibi Ok hakuona kiti. Alikuwa ameinamia skrini kwa miwani ya mumewe, akisoma jina la mwenye ufunguo herufi moja baada ya nyingine, kwa sauti. Alipofika mwisho alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani.

"Binti," akasema, na hakuniita tena mjukuu. "Asubuhi uliniambia unaitwa nani?"